Uvira: Radiateri ya milimita 360 haitapoza chumba cha mabati

Kijana wa Uvira anayejiunganishia kompyuta ya mezani kwa ajili ya studio ya video, chumba cha michezo au kazi ya michoro ya nyumba, siku hizi haridhiki na kipozaji cha feni. Anataka cha maji: pampu ndogo juu ya prosesa, mipira miwili myeusi, na radiateri yenye feni zinazowaka taa za rangi. Akiuliza achukue ukubwa gani, jibu ni lile lile, dukani na kwenye vikundi vya WhatsApp: "Chukua ya 360, yaya, utatulia."

Jibu hilo linawafaa watu wachache sana. Kwa wengi waliobaki ni makuta yaliyotumika mahali pasipofaa, na kwa baadhi yao ni hasara kabisa, kwa sababu mzigo unafika, unafunguliwa, halafu radiateri haiingii ndani ya kasha. Mtu anayeishi kwa kuhariri video za harusi na za kwaya mara nyingi ana mashine moja tu. Ikisimama, na chakula cha nyumbani kinasimama. Ndiyo maana suala la milimita ngapi linastahili kujadiliwa na watu wazima, si kuachiwa matangazo.

Kwanza kazi ya chombo chenyewe. Prosesa inakula umeme na karibu umeme wote inaoula unageuka joto. Kipozaji cha maji hakiliui joto hilo. Kinalihamisha tu: sahani ya shaba inalitoa kwenye prosesa, maji yanalibeba, radiateri ya alumini inalikabidhi kwa hewa, na feni zinaisukuma hewa hiyo nje. Kila dereva wa Uvira anakijua kitu hicho kwenye gari lake. Namba za 240, 280, 360 na 420 zinahesabu urefu wa feni zilizopangwa mstari mmoja. Ile ya 240 ina feni mbili za milimita 120, ya 280 ina mbili za milimita 140, ya 360 ina tatu za 120, na ya 420 ina tatu za 140.

Kutoka hapo kunatoka jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Hakuna radiateri, hata iwe ndefu kama mtumbwi, inayoweza kuyafanya maji yawe baridi kuliko hewa ya chumba. Inaweza tu kuyasogeza karibu na hewa hiyo. Basi kabla ya kuuliza radiateri ni kubwa kiasi gani, mtu angeuliza kwanza hewa inayoingia ndani yake ina joto kiasi gani. Na hapo ndipo Uvira inapoachana na miji ambako ushauri mwingi unatoka.

Majaribio yanayoonyeshwa kwenye video za Marekani na Ulaya kwa kawaida hufanywa katika chumba chenye nyuzi 20 hadi 22. Uvira iko kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, katika bonde lenye joto, ukiwa umebanwa kati ya maji na milima. Mchana wa mwezi wa tisa, ndani ya chumba cha bati lisilo na dari, mlango ukiwa umefungwa kwa sababu ya vumbi, nyuzi 30 ni jambo la kawaida na mara nyingi zinapita. Nyuzi hizo zinajumlishwa moja kwa moja. Prosesa iliyoonyesha nyuzi 78 kwenye jaribio la chumba cha nyuzi 21 itaonyesha 87 katika chumba cha nyuzi 30, kipozaji kikiwa kile kile na kazi ikiwa ile ile. Mnunuzi anadhani ameuziwa kitu kibovu, kumbe kitu ni kizima. Kilichobadilika ni hewa.

Kuna na jambo la mwinuko, ingawa ni dogo. Uso wa ziwa uko karibu mita 770 juu ya bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko hewa ya Dar es Salaam yenye joto sawa. Feni inasukuma ujazo ule ule, lakini ndani yake mna hewa kidogo ya kubeba joto. Bukavu, kwenye mita 1,500 hivi, hewa ni nyepesi zaidi, lakini huko baridi ya milimani inalipa deni hilo na chenji inabaki. Kwa hiyo mtu wa Bukavu anayesema kompyuta yake haipandi joto hasemi uongo. Anasema ya Bukavu. Aiteremshe Ngomo, apite Kamanyola na tambarare ya Ruzizi, aiwashe Mulongwe saa nane mchana, ndipo waendelee kuzungumza.

Mtu anaweza kudhani kwamba yote haya yanampa haki muuzaji: joto likiwa kali, basi radiateri iwe kubwa. Hesabu inasema vingine. Chukua radiateri ya 240 ambayo, prosesa ikila wati 200, inayaacha maji nyuzi 12 juu ya hewa. Ya 360 ina eneo mara moja na nusu, basi kwa makadirio itayaacha nyuzi 8 juu. Faida ni nyuzi 4. Sasa prosesa hiyo iwe ya kawaida, inayokula wati 90. Joto la maji juu ya hewa linashuka kwa uwiano ule ule: nyuzi 5 na kidogo kwa ya 240, nyuzi 3 na nusu kwa ya 360. Faida haifiki hata nyuzi 2. Kufungua dirisha la upande wa ziwa jioni kunaleta zaidi ya hapo, na hakuna anayelipia upepo wa ziwa.

Sehemu kubwa ya kikwazo haiko hata kwenye radiateri. Prosesa za kisasa zina kipande kidogo sana cha silikoni ambamo joto linazaliwa, na lazima lipite kwenye kipande hicho, kwenye kifuniko chake cha chuma na kwenye pasta kabla ya kuyaona maji. Njia hiyo ni nyembamba, na urefu wa radiateri hauipanui. Ndiyo maana mtu anaweza kushika mpira wa maji na kuukuta vuguvugu tu, huku kioo kinamwambia prosesa iko nyuzi 90.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza kiwe wati za prosesa, na wati hizo zimeandikwa wazi na watengenezaji. Ryzen 5 7600 ya AMD inaitwa ya wati 65, na kikomo chake halisi ni wati 88. Core i5-12400 ya Intel inaitwa ya wati 65, na ikikaza inafika 117. Ryzen 9 5950X, yenye viini 16, inakwenda hadi 142. Hizi zote zinatosheka na radiateri ya 240, na mbili za kwanza zinatosheka hata na kipozaji kizuri cha hewa. Ndipo wanafuata walafi: Ryzen 9 7950X yenye kikomo cha wati 230, na Core i9-14900K yenye wati 253. Hapo ya 360 inaanza kuwa na maana. Kwenye i9 hizo kuna na onyo la pembeni: mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipewa volti za kupita kiasi na kuharibika, ikatoa marekebisho ya programu mwezi wa nane mwaka huo. Anayeuziwa moja ya hizo ikiwa imetumika, kwa bei tamu, asitegemee kwamba radiateri ndefu itaiponya.

Lakini hata mwenye mlafi ana njia nyingine kabla ya kununua urefu. Dereva wa Fuso anayepanda Ngomo na mzigo wa sementi, sindano ya joto ikianza kupanda, hasimamishi gari katikati ya mlima kwenda kununua radiateri kubwa. Anashusha gia, anapunguza mwendo, anafika Bukavu amechelewa kidogo. Prosesa zina gia hiyo. AMD inaiita Eco Mode, na mtu anaipata ndani ya BIOS: 7950X inashushwa hadi daraja la wati 105 au hata 65. Kwa Intel ni mistari miwili ya kikomo cha nguvu, PL1 na PL2, ambayo watengenezaji wengi wa ubao mama walizoea kuiacha wazi ili mashine ing'ae kwenye majaribio. Wati za mwisho ndizo zinazoleta joto jingi na kasi kidogo. Kuzikata hakugharimu hata franga moja, na video ya harusi ya saa mbili itachelewa kwa dakika ambazo mtu anazitumia kunywa chai.

Kupunguza wati kuna faida ya pili ambayo mtu wa Ulaya haifikirii, kwa sababu umeme wake hauyumbi. Uvira, umeme unaotoka Ruzizi unakuja na kuondoka, na wengi wanafanya kazi wakiwa wameunganisha onduleri, jenereta au paneli za jua. Onduleri ndogo ya VA 650 kwa kawaida haibebi zaidi ya wati 400. Prosesa ya wati 250 pamoja na kadi ya picha ya wati 200 zinaivunja mgongo sekunde ile ile umeme unapokatika, na kazi yote ambayo haijahifadhiwa inakwenda. Prosesa ile ile ikifungwa kwenye wati 125, onduleri inabeba, na mtu anapata nafasi ya kuhifadhi na kuzima. Anayechagua kati ya kuongeza dola kwenye radiateri na kuongeza dola hizo hizo kwenye onduleri au kirekebisha volti, mahali penye umeme kama huu, asingesita hata kidogo.

Pia kazi yenyewe iangaliwe. Programu nyingi za kuhariri video leo zinapeleka sehemu ya mwisho, ile ya kuikaza video kuwa faili, kwenye kadi ya picha au kwenye kipande maalumu cha prosesa kinachokula umeme kidogo. Michezo nayo inaichosha kadi ya picha kuliko prosesa. Kadi hiyo ina feni zake, haiguswi na maji ya prosesa, na ndiyo mara nyingi inayotoa joto kubwa zaidi ndani ya kasha. Radiateri ya 360 ikifungwa mbele ili ivute hewa ya nje, hewa hiyo inapita kwanza kwenye maji ya moto, halafu inakwenda kuipulizia kadi ya picha. Prosesa inashangilia nyuzi zake mbili, kadi ya picha inalia. Katika chumba cha joto ni afadhali radiateri ikae juu, ikitoa hewa nje, na mbele paachwe feni za kawaida zinazoingiza hewa iliyo bora kuliko zote zilizomo chumbani.

Na hapo linakuja suala la kasha, ambalo ndilo linalowaliza watu kuliko mengine. Radiateri ya 240 haina milimita 240. Ikiongezwa mifuko ya maji ya pande mbili inafika karibu 277. Ya 360 inafika karibu 397. Unene wa kawaida ni milimita 27, na feni juu yake ni 25, jumla 52. Kuna nyingine zenye unene wa 38, kama zile za Arctic, na jumla inakuwa 63. Milimita hizo zinashuka kuelekea ubao mama, na hapo zinakutana na kumbukumbu ndefu zenye urembo au na vipande vya chuma vinavyofunika sehemu ya umeme. Kasha nyingi zinazofika katika masoko ya hapa, zilizotumika au mpya za bei ya chini, zimeandikwa kwamba zinapokea 240 juu na 360 mbele tu. Nyingine hazipokei chochote juu. Mtu anayenunua radiateri kwanza na kasha baadaye ameanza kujenga nyumba kwa bati.

Ukubwa unaosahaulika ni 280. Eneo lake, feni mbili za 140, ni sentimita za mraba 392; la 360 ni 432; la 240 ni 288. Yaani ya 280 inatoa karibu sehemu tisa kati ya kumi za ile ya 360, ikiwa fupi zaidi, yenye feni mbili badala ya tatu, na feni za 140 zinazunguka polepole zaidi kwa kazi ile ile. Kasoro yake ni upana: milimita 140 hazipiti katika kasha lililopimwa kwa 120, na feni za 140 za kubadilisha ni ngumu zaidi kupatikana. Mwenye kasha linaloipokea, na prosesa ya wati 140 hadi 200, hana sababu ya kutazama 360.

Wanaoitetea ya 360 wana hoja moja yenye uzito, na ni haki isemwe. Radiateri kubwa inafanya kazi ile ile feni zikizunguka taratibu. Katika studio ya sauti, ambamo kipaza sauti kiko mita moja kutoka kwenye mashine, kimya kina bei yake. Mtu wa redio au mrekodi wa kwaya aliye na prosesa nzito na kasha pana ana haki ya kuchukua 360 na asione haya. Vivyo hivyo anayefanya picha za 3D zinazokaa saa sita au nane viini vyote vikiwa vimekaza. Hao wapo. Lakini kwa studio nyingine, kuiweka mashine nyuma ya ukuta na kupitisha waya kwenye tundu kunaleta kimya zaidi kuliko feni ya tatu.

Hoja yao ya pili, kwamba "kubwa inadumu", ina udhaifu. Kinachokufa kwenye kipozaji cha maji kwa kawaida ni pampu, na mara nyingi pampu ya 240 na ya 360 za familia moja ni ile ile. Maji nayo yanapungua polepole kupitia kuta za mipira, mwaka baada ya mwaka, na vipozaji vingi vya aina hii vimefungwa kiwandani bila mahali pa kuongezea. Hewa inayochukua nafasi ya maji inapanda kwenda sehemu ya juu kabisa. Kama fundi ameifunga radiateri chini na pampu juu, hewa hiyo inakwenda kukaa ndani ya pampu, na pampu inaanza kukwaruza kama mtu anayepasua karanga. Kosa hilo linaonekana sana kwenye picha za mashine zilizofungwa kwa ajili ya kupendeza, na linaua pampu ya ukubwa wowote.

Mwaka 2022 kampuni ya Arctic iliwatangazia wateja wake kwamba kipete cha mpira ndani ya baadhi ya vipozaji vyake vya Liquid Freezer II kilikuwa na kasoro, na ikatoa vifaa vya kurekebisha bila malipo. Kampuni ilifanya vizuri. Lakini dhamana kama hiyo inamfaa mtu mwenye anwani ambayo posta inaifikia. Mzigo wa Uvira umepita Dubai au Dar es Salaam, ukavuka ziwa kutoka Kigoma hadi Kalundu, au umeingia kwa Kavimvira kutoka Bujumbura, mikononi mwa watu watatu au wanne ambao hakuna aliyebaki na risiti. Kurudisha kitu kibovu kwa njia hiyo kunagharimu karibu bei yake. Pampu ikifa, mwenye studio anasubiri wiki kadhaa, na bibi harusi anapiga simu kila siku.

Kwa sababu hiyo hiyo kuna mafundi wanaosema kwamba katika mji huu kipozaji cha maji hakina haja kabisa, na hawako mbali na ukweli. Kipozaji cha hewa chenye minara miwili, kama NH-D15 ya Noctua, kina vipande vya chuma na feni, basi. Feni ikifa, feni yoyote ya kasha inafungwa kwa waya siku ile ile na kazi inaendelea. Hakina maji ya kuvuja. Kinachotakiwa ni kasha lenye nafasi ya milimita 165 kutoka kwenye ubao mama hadi kwenye mlango wa pembeni, na uangalifu wakati wa kusafirisha, maana uzito wake ukining'inia juu ya pikipiki katika barabara ya Makobola unaweza kuvunja ubao. Chini ya wati 150, mtu mwenye mashine moja ya kumlisha angeanza na hicho. Wanaobaki na sababu ya maji ni wenye wati nyingi, wenye kasha jembamba, au wanaosafirisha mashine mara kwa mara na hawataki kilo ya chuma ining'inie juu ya prosesa. Na anayependa tu umbo lake? Makuta ni yake, ila asimwambie jirani kwamba ni lazima.

Vumbi linamaliza hesabu iliyobaki. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, vumbi la tambarare na la barabara linaingia kila mahali, na mapezi ya radiateri yamebanana kuliko ya kipozaji cha hewa. Linajaa upande wa ndani, kati ya feni na mapezi, mahali ambapo jicho halifiki mpaka feni zifunguliwe. Radiateri ya 360 iliyoziba theluthi yake ni ya 240 iliyolipiwa bei ya 360. Katika kiangazi, brashi laini na mashine ya kupulizia kila wiki tatu au nne, feni zikiwa zimeshikwa kwa kidole zisizunguke, zinafanya kazi kubwa kuliko kubadilisha ukubwa. Kitambaa chepesi cha wavu mbele ya kasha kinasaidia, na kasha likae juu ya meza. Tangu mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020 hakuna mkaaji wa Uvira anayehitaji kuambiwa kwa nini kitu cha thamani hakikai sakafuni, lakini hata bila mafuriko, vumbi la sakafuni ndilo zito kuliko yote.

Wauzaji nao wana sehemu yao. Wengi wanamwashia mteja mashine, wanamwonyesha nyuzi 55 kwenye kioo, dakika tatu zimepita, biashara imekwisha. Dakika tatu hazionyeshi kitu. Maji yaliyomo yanachukua muda kupata joto, na picha ya kweli inakuja baada ya dakika 15 au 20 za kazi nzito. Mteja anayelipa dola zake anaweza kudai jaribio la dakika 20, mchana, feni ya duka ikiwa imezimwa, na programu inayoonyesha wati pamoja na nyuzi. Kama ya 240 inaishika prosesa yake chini ya nyuzi 85 katika hali hiyo, pesa ya ziada ibaki mfukoni. Na muuzaji mwaminifu angemuuliza mteja, kabla ya kumtajia bei yoyote, prosesa gani, kasha gani, na chumba kina dari au hakina.

Swali hilo la tatu haliulizwi na mtu. Dari ya mbao nyepesi au hata ya mikeka iliyotandazwa chini ya bati, na tundu mbili za kupitisha hewa karibu na paa, zinashusha joto la chumba kizima: la mashine, la kadi ya picha, na la mtu anayekaa mbele yake saa kumi kwa siku. Fundi wa mbao yupo kila mtaa, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu. Anayekwenda kununua radiateri wiki hii angepita kwake kwanza aulize bei, akitoka hapo aingie dukani na futi ya mshonaji mfukoni, alipime kasha kabla hajafungua sanduku.